Nimeapa sitamwambia mama

Shikamoo mama mshauri,

Barua hii nimeianza mara tatu nikaifuta. Nina miaka 31, ni fundi cherehani, naishi Dar es Salaam na mume wangu ambaye ni dereva wa malori ya masafa, mtoto wetu wa miaka sita, na mdogo wangu wa mwisho mwenye miaka 20 aliyekuja kwangu kusoma chuo. Mama yetu yuko Tanga. Baba alitangulia mbele ya haki zamani, kwa hiyo huyu mdogo wangu nimemlea kama wa kumzaa.

Aliyeniambia ni mwanangu. Tulikuwa tunakula, akaniuliza, "Mama, mbona mama mdogo anatapika kila siku? Ana malaria?" Nikamwambia ale anyamaze. Usiku sikulala, maana nilianza kukumbuka mambo niliyoyaona bila kuyaunganisha. Kiporo cha wali nikikiacha jioni, asubuhi nakuta sufuria imeoshwa na kufunikwa. Mkate mzima wa slesi unaisha usiku mmoja. Akimaliza kula anakwenda bafuni moja kwa moja, anafungulia bomba kwenye ndoo, na maji yanatiririka mpaka ndoo inafurika. Ana makovu mawili juu ya vifundo vya vidole vya mkono wa kulia. Aliwahi kuniambia ni pasi ilimuunguza.

Ijumaa moja niligonga mlango wa bafuni na sikuondoka. Alipofungua mlango, macho yake yalikuwa mekundu. Akapindua ndoo akaikalia, akalia mpaka kwikwi. Aliniambia ameanza tangu mwaka wa kwanza. Anashinda na njaa mchana kutwa, anakunywa chai ya rangi tu, na usiku anashindwa kujizuia. "Dada, nikianza siwezi kuacha. Nakula hata ugali wa baridi bila mboga. Halafu najichukia, naenda kuutoa." Kisha akanishika mkono akaniapisha. Alisema nikimwambia mama atahamia hosteli na sitamwona tena. Nikasema Wallahi sitamwambia.

Kinachonitesa ni kwamba mkono wangu umo. Nyumbani tulimwita Bonge tangu mdogo, kwa mapenzi tu. Alipokuja Dar nilimshonea gauni la harusi ya binamu yetu, nikampima mbele ya wateja na kusema kwa sauti, "Mwenzetu umeongezeka inchi mbili!" Watu wakacheka, na yeye akacheka. Baada ya hapo akawa ananiomba nimpime kiuno kila Ijumaa. Mimi ndiye niliyemnunulia majani ya kupunguza tumbo niliyoyaona yakitangazwa WhatsApp.

Tena hajakonda! Hapo ndipo ninaposhindwa kujua kama ni ugonjwa kweli au ni tabia. Tulipokwenda Tanga mama alimshika mashavu akasema yamejaa, Dar imempenda. Mume wangu nilimdokeza kama habari ya mteja, akasema hayo ni mambo ya wazungu, mtu akinyang'anywa simu atapona.

Sasa hivi chakula kilichobaki nakifungia kabatini chumbani kwangu. Akiwa bafuni nasimama mlangoni nahesabu dakika. Wiki iliyopita alishikwa na kizunguzungu ndani ya daladala, akasema moyo ulimwenda mbio. Na Ramadhani imebaki wiki sita. Ameshaanza kufunga Jumatatu na Alhamisi, na namuona anazifurahia siku hizo kuliko kawaida.

Mama ana presha. Nikimwambia naogopa itapanda, nikinyamaza naogopa nitamzika mdogo wangu. Na kiapo nimekula. Nifanye nini?

Dada Mkubwa, Dar es Salaam

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma jana usiku na leo asubuhi nimeirudia. Umeniuliza umwambie mama au usimwambie, nami nitalifikia hilo. Lakini umebeba mengine pia: hujui kama huu ni ugonjwa, unajiona wewe ndiye uliyeuleta, umegeuka askari wa bafuni nyumbani kwako, na Ramadhani inabisha hodi. Niruhusu nianze na kile kizunguzungu cha kwenye daladala, kwa sababu hicho hakingoji.

Mtu anapojitapisha hatoi chakula peke yake. Anatoa maji na madini ya mwilini, hasa potasiamu, ambayo ndiyo inayousaidia moyo kupiga kwa mpangilio. Ikishuka sana, moyo unaweza kwenda kombo ghafla, hata wa binti wa miaka 20 ambaye kwa macho ni mzima. Vipimo vyake ni vya kawaida: damu, na kile cha umeme wa moyo. Vinaweza kufanyika wiki hii, mkaenda wawili tu, bila kiapo chako kuguswa. Tafadhali msiende mkasema "tumbo linamsumbua". Nimekutana na mabinti waliomeza dawa za vidonda vya tumbo miezi na miezi kwa sababu hakuna aliyetamka neno lenyewe. Mwambieni daktari wazi: anajitapisha makusudi baada ya kula, mara ngapi kwa wiki, tangu lini, na kama bado anakunywa yale majani. Akizimia, akitapika damu, misuli ikimkaza au moyo ukimwenda mbio akiwa amekaa tu, hiyo ni hospitali usiku huohuo, na nani atajua mtalizungumza baadaye.

Sasa, je, ni ugonjwa? Ndiyo, mwanangu, na una jina: bulimia. Daktari Gerald Russell wa London ndiye aliyeueleza na kuupa jina mwaka 1979. Unasema hajakonda kana kwamba hilo linaupunguza. Wengi wenye bulimia wana uzito wa kawaida au zaidi, na ndiyo maana huishi nao miaka bila mtu kushtuka. Wapo pia wanaokula hivyohivyo usiku bila kutapika, na wapo wanaojinyima mpaka wakabaki mifupa. Wote ni wagonjwa. Yale makovu ya vidole si ya pasi, ni meno yanayokwaruza ngozi anapoingiza mkono mdomoni. Na mashavu aliyoyafurahia mama huenda si unene. Kutapika mara kwa mara huvimbisha tezi za mate zilizo chini ya masikio, uso ukaonekana umejaa. Nilipofika kwenye sentensi ile ya mama kumshika mashavu niliweka barua chini kidogo.

Mume wako anasema ni mambo ya wazungu. Simlaumu, wengi wetu tulilelewa kuona kunenepa ni kunawiri, na mtu akikonda tunamuuliza anaumwa nini. Fiji nako, visiwani kwenye Bahari ya Pasifiki, walikuwa hivyohivyo, mwili mkubwa ulikuwa sifa. Mwaka 1995 televisheni ilikuwa ndiyo kwanza inaingia mkoa wa Nadroga. Mtafiti Anne Becker aliwauliza wasichana wa sekondari kama wamewahi kujitapisha ili wapunguze uzito, na hakupatikana hata mmoja. Aliporudi mwaka 1998 na kuwauliza wasichana wa rika hilo, asilimia 11.3 walisema ndiyo. Kwa hiyo mume wako ana kipande cha ukweli mkononi, picha tunazotazama zina nguvu. Ila nakuuliza: mdogo wako akinyang'anywa simu leo, ile njaa ya mchana kutwa itakwenda wapi? Na huzuni yake atamweleza nani, ikiwa marafiki zake wote wako ndani ya simu hiyo?

Hiyo njaa ndiyo nataka tukae nayo kidogo. Alikwambia, "Nikianza siwezi kuacha," na nahisi wewe na yeye mmeielewa kama uroho, au udhaifu wa imani. Mwaka 1944, vita kuu ikielekea ukingoni, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani aliwachukua wanaume 36 wa kujitolea, vijana wenye afya na akili timamu, akawapunguzia chakula karibu nusu kwa miezi sita. Alitaka kujua namna ya kuwalisha watu waliokumbwa na njaa ya vita. Wanaume wale hawakuwa na ugomvi wowote na miili yao. Njaa ilipokolea walianza kuota chakula usiku, wakakusanya vitabu vya mapishi, wakaramba sahani, wakakosana kwa mambo madogo. Waliporuhusiwa kula tena, baadhi yao walikula mpaka wakaugua, na bado wakasema hawajashiba.

Yule anayekula ugali wa baridi saa saba usiku, mwanangu, ni mtu mwenye njaa. Mwili ulionyimwa mchana unadai usiku, anakula kwa pupa, aibu inamshika, anatapika, kesho anaapa atajinyima zaidi, na kule kujinyima ndiko kunakomrudisha jikoni. Hata tiba ya mazungumzo inayotumika sana kwa bulimia, ile ya Christopher Fairburn na wenzake wa Oxford, haianzi kwa kumzuia mtu asile usiku. Inaanza kwa kumrudishia milo ya mchana: asubuhi, mchana na jioni, na kitu kidogo katikati, asikae na njaa saa nyingi. Mtu mwenye bulimia akiambiwa ale kifungua kinywa anaona umemwambia aruke kutoka ghorofani. Atahitaji mtu wa kula naye.

Kuhusu futi na majani. Sitakwambia hukufanya kitu, kwa sababu hutaniamini. Neno lile mbele ya wateja liliuma, na jina la Bonge huenda liliuma miaka mingi kabla yake. Lakini mabinti wangapi wamepimwa kwako, wakataniwa, wakaenda zao na gauni? Ugonjwa huu hushika mtu kwa mambo mengi kwa pamoja: damu ya ukoo, tabia ya mtu kutaka kila kitu kikamilike, msiba, upweke wa chuo, kujinyima kwa mara ya kwanza. Wewe huwezi kuwa sababu ya yote hayo. Unachoweza ni kuacha kumpima kiuno, kuanzia Ijumaa hii, na kumwambia kwa nini. Majani nayo mengi ya namna hiyo huwekwa sanamaki, ileile bibi zetu waliyotumia kusafisha tumbo. Kinachotoka ni maji na madini, yaleyale ambayo kutapika kumeshayapunguza, wala mafuta ya mwili hayaguswi. Mwombe radhi kwa maneno machache. Usilie sana mbele yake, asije akaanza kukubembeleza wewe.

Tuje kwa mama. Unaona njia mbili, nami naona kila moja ina hatari yake. Ukinyamaza kabisa, unabaki peke yako na mzigo ambao hata daktari haubebi peke yake, na siku akianguka utaishi na swali zito. Ukimwendea mama kwa mlango wa nyuma, mdogo wako anaweza kufanya alichosema, akahama, na chumba cha hosteli bila mtu wa kula naye ni mahali pabaya kwake. Tena mama asiyeujua ugonjwa huu anaweza kusema kwa uchungu, "Watu wanalala njaa, wewe unatapika chakula!" Neno hilo huwafunga mdomo kwa miaka.

Lakini kuna mambo mawili ningependa uyatazame tena. La kwanza, presha ya mama. Ni kweli ipo, naiheshimu. Ila jiulize ukiwa peke yako: unaogopa presha itapanda, au unaogopa kusikia, "Nilikukabidhi mtoto"? Yote mawili ni hofu halali, lakini dawa zake si moja. La pili, yale maneno ya "hutaniona tena". Uliyasikia kama kitisho. Mimi niliyesoma tu nilisikia mtu anayeogopa kuonekana mchafu machoni pa mama yake. Ukimuuliza, "Unadhani mama atasema nini?", unaweza kupata jibu ambalo wala hukulitegemea.

Kwa hiyo kati ya kusema na kunyamaza kuna nafasi pana. Unaweza kumwambia: "Kiapo changu nimekishika. Lakini siwezi kuwa peke yangu kwenye hili. Tuchague pamoja mtu wa tatu." Anaweza kuwa shangazi mwenye kifua, mshauri wa wanafunzi pale chuoni, au daktari wa afya ya akili; Muhimbili wana idara yake. Hatari ni kwamba atakataa mara ya kwanza na ya pili, nawe utatamani kulazimisha. Hatari nyingine ni kukutana na mhudumu asiyeujua ugonjwa huu akawaambia ni utoto. Msikate tamaa kwa huyo mmoja, ombeni mwingine. Bulimia ina tiba ya mazungumzo, ina hata dawa ya fluoxetine ambayo daktari anaweza kuiandika, na watu wanapona. Wanapona kwa kwenda mbele na kurudi nyuma. Akikaa wiki tatu bila kutapika kisha akatapika siku ya mtihani, msihesabu kwamba mmeanza upya.

Na mipaka ya kiapo mwekee wazi mapema, akiwa ametulia, si siku ya ugomvi: kwamba akizimia au daktari akisema hali ni ya hatari, utamwambia mama, na utamjulisha yeye kwanza. Kuhusu kiapo chenyewe mbele ya Mungu, mimi si shehe. Najua tu kwamba Kurani imeweka kafara ya kiapo, kulisha au kuvisha maskini kumi, na asiyeweza afunge siku tatu, kwa hiyo mlango haukufungwa kabisa. Muulize shehe unayemwamini, bila kumtaja mtu.

Ramadhani ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi. Ulisema anazifurahia siku za kufunga kuliko kawaida. Kwa mtu aliye katika hali yake, saumu inaweza kuwa vazi la heshima la kile kile kinachomuumiza: mchana anajinyima na watu wanamsifu, na futari inakuwa ule usiku wake wa kila siku, mezani mna mihogo, tambi, uji, maandazi, na watu wote wanatazama. Nina hakika pia anajua kwamba kujitapisha makusudi kunabatilisha saumu, kwa hiyo kila akishindwa anaongeza dhambi kwenye aibu. Aya ya 185 ya Surat al-Baqara inampa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine, na inasema Mwenyezi Mungu anatutakia wepesi, hatutakii uzito. Daktari akimwambia kufunga ni hatari kwake, hapo ana udhuru kama mgonjwa mwingine yeyote. Kugumu kutakuwa kula mchana katika nyumba ya watu waliofunga, na mtoto wa miaka sita anayeuliza maswali. Mtahitaji kukubaliana mapema atakula wapi, saa ngapi, na utamwambia nini mwanao. "Mama mdogo anaumwa, daktari amesema ale" inatosha, na ni kweli.

Huyo mwanao, kwa njia, naye anastahili jibu. Alikuuliza swali zuri ukamnyamazisha.

Kuhusu kusimama mlangoni: najua unahesabu dakika kwa sababu ya upendo. Lakini yeye aliye ndani anasikia miguu yako, naye atatafuta tu choo kingine. Wengi huwafaa zaidi mtu wa kukaa nao ile saa baada ya kula, kwa kitu cha mikono na maneno kidogo. Wewe una cherehani. Mpe vifungo vya kushona, au akushikie pindo. Mwongelee wateja, mpira, chochote kisicho chakula wala mwili. Siku atakayokwenda bafuni hata hivyo, usimfuate. Akitoka mwambie asukutue kwa maji na angoje kama nusu saa kabla ya kupiga mswaki, maana asidi ya tumbo hulainisha meno, kisha muendelee na mlichokuwa mkifanya.

Na chakula ulichokifungia chumbani kwako, kirudishe jikoni, isipokuwa yeye mwenyewe akuombe ukiweke mbali. Kesho asubuhi chemsha chai ya maziwa, weka mkate mezani, keti ule wako. Mwite mara moja tu. Asipokuja siku ya kwanza, keti hivyohivyo kesho yake. Kisha niandikie, hata kama ni mistari miwili, unieleze vipimo vya moyo vimesemaje.